Mamlaka Kamili: Maana na Matumizi ya Istilahi ya Kibalozi



Mjini Ifakara, katika bonde la Kilombero, neno balozi lina maana mbili zilizozoeleka. Yuko balozi wa nyumba kumi, aliyetokana na mfumo wa TANU wa miaka ya 1960, na ambaye baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 amebaki kiongozi wa shina la CCM. Yuko pia balozi aiwakilishaye nchi yake ugenini. Huyu wa pili ndiye ambaye lugha ya itifaki humwongezea sifa: balozi mwenye mamlaka kamili. Sifa hiyo ndiyo mada ya mhadhara huu.

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana. Mjumbe hufikisha maneno ya mwingine. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Wakili, neno lenye asili ya Kiarabu, hukabidhiwa jambo na kulitenda kwa niaba ya aliyemkabidhi. Balozi, neno linalohusishwa na balyos la Kituruki, hutaja cheo. Mwenye mamlaka kamili, kwa maana ya asili, yu karibu zaidi na wakili: atendalo huhesabiwa kuwa limetendwa na aliyemtuma.

Kosa litokealo mara kwa mara ni kufasiri kamili kuwa isiyo na mipaka. Maana yake hapa ni iliyotimia kwa kazi iliyotajwa. Hati za utambulisho humwezesha balozi kuiwakilisha nchi yake. Hata hivyo, ibara ya 7 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba humtaka mtia saini, kwa kawaida, awe na hati ya mamlaka kamili. Mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje hawadaiwi hati hiyo. Balozi naye, kwa wadhifa wake, huweza kuafiki matini ya mkataba baina ya nchi yake na nchi aliko. Kutia saini ni jambo jingine. Basi cheo hubeba jina la mamlaka, ilhali mamlaka yenyewe yamo katika hati.

Tofauti hiyo si ya makamusi tu. Katika Usagara, ndani ya mkoa uleule wa Morogoro, Carl Peters alipata alama ya Mangungo wa Msovero katika mkataba wa Novemba 1884. Peters hakuwa ametumwa na serikali ya Ujerumani. Hati ya ulinzi ya Kaisari ilitolewa baadaye, Februari 1885. Nchi ilichukuliwa kwa saini ya asiyetumwa na dola.

Kinyume chake ni makubaliano ya Beijing ya tarehe 5 Septemba 1967 baina ya China, Tanzania na Zambia. Saini za wawakilishi waliotumwa na serikali zao zilizaa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo hupita Ifakara na Mlimba.

Hata saini halali huweza kusubiri. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania hulipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ambayo masharti yake yanahitaji kuridhiwa. Kwa hiyo mfasiri aandike mwenye mamlaka kamili kwa cheo, hati ya mamlaka kamili kwa waraka, na aepuke kabisa mwenye mamlaka yote. Mamlaka ya balozi ni amana, na mwenye amana ni aliyemtuma.