Volkano za Rungwe

Kusini mwa jiji la Mbeya, matawi ya Bonde la Ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa yanapokutana, imesimama milima mitatu ya volkano: Ngozi, Rungwe na Kyejo. Kyejo ililipuka mara ya mwisho takriban mwaka 1800, ikamwaga lava. Rungwe, yenye kimo cha karibu mita 2,960, ndiyo ya kutazamwa zaidi. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita ilirusha juu angani majivu na mawe mepesi yenye matundu, na kwa kuwa upepo ulikuwa hafifu mno, yaliangukia pande zote za mlima badala ya upande mmoja. Ngozi nayo ilitema magma yake hadi kilele kikaporomoka. Shimo lililobaki leo ni ziwa. Rutuba inayostawisha ndizi, viazi na chai ya Tukuyu imetokana na milipuko hiyo. 

Volkano hazipo duniani tu. Katika sayari ya Mirihi, volkano ya Olympus Mons ina kimo cha zaidi ya kilomita 20, maana gamba la sayari hiyo halisogei na lava ilirundikana mahali pamoja. Io, mwezi wa Mshtarii, una mamia ya volkano hai. Mvuto wa sayari hiyo kubwa huukanda mwezi huo na kuupasha moto ndani.

Tukirudi duniani, Rungwe imelala tu, haijafa. Wakulima walio miteremkoni mwake wanastahili vipimo vya kudumu vya mitetemo na gesi.