Kumrudishia Mwenyewe Akaunti Yake: Kutatua Vikwazo vya Kuingia katika Huduma za Ulemavu za eCitizen

Mada kwa warsha ya viongozi wa vikundi vya watu wenye ulemavu, wazazi na wahudumu wa jamii, Pwani ya Kenya



Lalamiko ambalo kila mmoja wetu humu ukumbini amewahi kulisikia ni hili: "Nimeshindwa kuingia." Mtu amekwisha kupimwa hospitalini, karatasi zake anazo, lakini eCitizen haimfungulii. Kwa hiyo hajui kama maombi yake yamefika kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, yamerudishwa kwa sababu ya kasoro fulani, au yamelala tu mahali. Anarudi saiba, yaani duka la intaneti, analipa tena, anafunguliwa akaunti nyingine, na sasa ana matatizo mawili.

Hili si jambo dogo. Tangu katikati ya mwaka 2023, serikali ilipotangaza zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, akaunti hiyo imekuwa njia kuu ya raia kufikia ofisi za umma. Kwa mtu mwenye ulemavu, usajili wa Baraza ndio unaotangulia mengine yote: maombi ya vifaa saidizi kama kiti cha magurudumu, msaada wa karo, mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, na msamaha wa kodi kwa wanaofanya kazi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao laki tisa wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Kila mmoja wao anayefungiwa nje ya akaunti anafungiwa nje ya haki ambayo sheria tayari imempa.

Hoja yangu leo ni moja. Mara nyingi mtambo hauna ugonjwa wowote. Akaunti haifunguki kwa sababu iko mikononi mwa mtu mwingine, na anayemsaidia mwenye akaunti lazima aanze kwa kuuliza mikono hiyo ni ya nani.

Kwanza, akaunti ipi?

Mtu akisema "akaunti yangu ya ulemavu imegoma", usikimbilie kubonyeza. Muulize alikuwa anataka kufanya nini. Watu wetu hutumia jina moja kwa mambo matatu yasiyohusiana kimfumo. Usajili wa ulemavu na kadi ya Baraza hupitia eCitizen. Msamaha wa kodi ya mapato, unaohusu mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, huombwa kwa Mamlaka ya Ushuru kupitia iTax, yenye nywila yake na barua pepe yake. Ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, chini ya mpango wa serikali wa Inua Jamii, ina orodha yake na maafisa wake wa ustawi wa jamii. Kuwa na kadi ya Baraza hakumwingizi mtu moja kwa moja kwenye malipo hayo. Nimeona watu wakibadilishiwa nywila ya eCitizen ilhali kilichokwama ni iTax. Baada ya hapo hawaingii kokote, maana ile waliyoikumbuka nayo imebadilishwa.

Namba ya nani? Barua pepe ya nani?

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Akaunti ya eCitizen hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho, na mwenye akaunti hutambuliwa baadaye kwa ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho unaotumwa kwenye simu au barua pepe iliyosajiliwa. Yaani anayemiliki laini ndiye anayemiliki akaunti, hata kama kitambulisho ni cha mwingine. Sasa tufikirie jinsi akaunti nyingi za watu wetu zilivyofunguliwa. Kijana wa saiba ana foleni nyuma yake. Mteja hana barua pepe, kwa hiyo kijana anaweka ya kwake, au anaunda mpya kwa haraka na nywila yake anaijua yeye peke yake. Simu ya mteja ni kabambe, simu ya vitufe, iliyoachwa nyumbani ikichajiwa, kwa hiyo namba inayoandikwa ni ya mpwa, ya jirani, au ya afisa aliyewaleta kwa gari la kikundi. Siku hiyo kazi inakwisha na kila mtu anaondoka ameridhika. Miezi inapita. Baraza linatuma taarifa kwamba ripoti ya daktari haikukamilika, na taarifa hiyo inafika kwenye simu ya mtu ambaye amekwisha kusahau.

Msaidizi anapokutana na hali hii, njia ya kufuata ni kurudi nyuma kwa utulivu. Ukurasa wa kurejesha nywila kwa kawaida huonyesha mwisho wa namba ya simu au herufi chache za barua pepe inakotuma tarakimu za uthibitisho. Zisome kwa sauti. Mara nyingi mwenyewe atazitambua papo hapo: "Hiyo ni ya Mwanajuma, binti ya dada." Mpigie Mwanajuma, mwombe asome ujumbe uliofika, ingia, kisha jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya kutazama maombi, ni kubadilisha namba na barua pepe ziwe za mwenyewe. Msipofanya hivyo siku hiyohiyo, mtarudi palepale.

Kama laini imepotea lakini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe, aende kwenye duka la kampuni ya simu akapewe laini mpya yenye namba ileile. Hilo ni jepesi kuliko kupigana na eCitizen. Kama laini ilikaa muda mrefu bila kutumiwa, huenda imekwisha kufungwa na kupewa mteja mwingine. Hapo hakuna njia ya mkato: itabidi mwenye akaunti, akiwa na kitambulisho chake halisi, aende Huduma Centre au awaandikie wahudumu wa eCitizen abadilishiwe namba baada ya kuthibitishwa. Msiruhusu mtu amshauri afungue akaunti nyingine kwa kitambulisho cha ndugu. Maombi ya ulemavu yakishaingia kwenye jina la mtu asiye na ulemavu, kuyatoa huko ni kazi ya miezi.

Yapo mambo madogo ambayo pia huzuia ujumbe usifike, na ni aibu kumsafirisha mtu kutoka Kinango hadi Mombasa kwa ajili yake. Kabambe iliyojaa jumbe haipokei mpya. Futa za zamani. Aliyezuia jumbe za matangazo kwenye laini yake huenda amezuia na zile za uthibitisho. Tarakimu zikiombwa mara tatu mfululizo, hutumika zile za mwisho tu, na nazo hudumu dakika chache. Nywila ikikataliwa mara mbili, acha kubahatisha, kwa kuwa mifumo mingi hufunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa; nenda kwenye ukurasa wa kurejesha nywila.

Namba ya kitambulisho nayo hukosewa. Kadi zetu zina namba ya mfululizo na namba ya kitambulisho, na asiyeona vizuri humtajia msaidizi ile aliyosomewa kwanza. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa ajaribu majina kama yalivyo kwenye kadi, si kama anavyoitwa.

Ikiwa hata wengine hawaingii, mfumo wenyewe uko chini. Ilitokea kwa taifa zima Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa mtandaoni na huduma zikasimama. Siku kama hiyo mwambieni mtu kosa si lake, mpangieni siku nyingine.

Ukurasa usiosomeka

Kuna wanaomiliki laini, barua pepe na nywila, na bado hawaingii, kwa sababu aliyetengeneza ukurasa hakuwafikiria.

Asiyeona hutumia kisoma skrini: TalkBack kwenye simu za Android, NVDA kwenye kompyuta. Programu hizi husoma maandishi, na mara nyingi hushindwa na picha isiyo na maelezo. Kitufe kisicho na jina kwake ni neno "kitufe" tu, bila kujua kinafanya nini. Mahali pa kujaza tarakimu sita palipogawanywa visanduku sita huenda kisoma skrini kikapotea katikati. Jaribio la kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu, likiwa ni picha au hesabu iliyochorwa, humkataa binadamu huyu. Mahali picha ya uso inapotakiwa, hana namna ya kujua kama uso wake uko ndani ya fremu. Mwenye mikono inayotetemeka hazimtoshi dakika mbili za kunakili tarakimu, anahitaji tano. Kiziwi anaambiwa apige simu kwa msaada.

Kwa sasa tunaweza kupunguza maumivu. Jaribuni kompyuta pale simu inaposhindwa, au kinyume chake, na kivinjari kingine. Ruhusuni simu ijaze tarakimu za ujumbe yenyewe. Kwa picha ya uso, msaidizi amwelekeze mwenyewe kwa maneno, kushoto kidogo, inua kidevu, huku simu ikiwa mkononi mwake mwenyewe. Kwa kiziwi, andikeni ujumbe kwa wahudumu badala ya kupiga, na mtafute mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya kabla ya siku ya kazi.

Lakini tusizoee kupunguza maumivu tu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taarifa na kutumia lugha ya ishara na Breli. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 9 kinataja wazi mifumo ya habari na mawasiliano. Tuna kiwango chetu cha kitaifa cha ufikikaji wa TEHAMA, KS 2952 cha mwaka 2022. Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa wavuti, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unasema kuingia kwenye akaunti kusitegemee fumbo au kumbukumbu bila kuwepo njia mbadala. Bunge letu lilipitisha sheria mpya ya watu wenye ulemavu, ikatiwa sahihi Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria hatujakosa. Tunachokosa ni mtu wa kuandika malalamiko yenye ushahidi: ukurasa gani, kitufe kipi, kisoma skrini kilisema nini, tarehe gani. Kikundi chenye daftari la matukio ya namna hiyo hakiwezi kuambiwa kwamba kinalia bila sababu.

Watoto, na wanaosaidiwa kuamua

Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hutumia akaunti yake mwenyewe kumwombea mtoto. Ni sawa, lakini baba naye, au nyanya anayemlea, ajue maombi yako wapi na namba yake ya kumbukumbu ni ipi. Mama akifariki au akihama, faili isipotee naye. Iandikeni kwenye karatasi na iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ana kitambulisho chake na ana haki ya akaunti yake. Asaidiwe kwa lugha rahisi, aulizwe anamwamini nani, na huyo ndiye akae pembeni yake. Ndugu mkubwa kushika simu na nywila "kwa sababu haelewi" kumezaa unyang'anyi ambao sote tunaujua.

Siri ya mwili

Ripoti ya tathmini inaeleza mwili wa mtu kwa undani ambao hata ndugu zake hawaujui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, pita kwenye saiba yoyote ufungue folda ya nyaraka zilizopakuliwa: ripoti za madaktari zimelala humo pamoja na vyeti vya shule na wasifu wa watafuta kazi. Msaidizi akimaliza kupakia ripoti, aifute kwenye kompyuta, na kwenye pipa la taka pia, atoke kwenye akaunti, na akatae kivinjari kinapouliza kuhifadhi nywila. Msichukue picha ya skrini ya mtu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri. Kama ni lazima kuuliza, elezeni tatizo kwa maneno, bila jina wala namba.

Na nywila yenyewe? Msiishike. Nawasihi sana. Asiyeweza kuandika aikariri, au arekodi sauti kwenye simu yake, au aandikiwe kwa Breli. Kikundi kikiwa na kitabu cha nywila za wanachama, siku kitabu hicho kikipotea, kikundi kizima kimepotea.

Mapendekezo

Kwa wasimamizi wa eCitizen na Baraza: wekeni njia ya kubadilisha namba ya simu kwa mtu asiyeweza kusafiri, kwa afisa kumfuata nyumbani au kumthibitisha mbele ya chifu na afisa wa ulemavu wa kaunti. Muda wa tarakimu za uthibitisho uongezwe kwa anayeuomba. Dirisha la karatasi katika ofisi za kaunti lisifungwe hadi kurasa zipimwe na watumiaji wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo, nao walipwe kwa kazi hiyo.

Kwenu viongozi wa vikundi: kabla ya mkutano wenu ujao, kila mwanachama aje na simu yake na kitambulisho chake. Aingie mwenyewe kwenye akaunti yake, atazame namba na barua pepe zilizoandikwa humo, na zisizo zake zibadilishwe siku hiyohiyo. Anayeshindwa aandikwe kwenye daftari, na daftari hilo lifikishwe kwa afisa wa Baraza katika kaunti yenu.