Kielelezo cha Meli ya Manza: Ukumbusho wa Vita na Wajibu wa Wananchi

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Kumbukumbu ya vita huhifadhiwa kwa njia nyingi. Ziko sanamu, yako makaburi, na iko mizinga iliyowekwa ndani ya ngome. Iko pia njia ya gharama ndogo ambayo watu wa mwambao na visiwa wana ustadi wake tangu zamani, nayo ni kuunda chombo kidogo kwa mfano wa chombo kikubwa. Mazungumzo haya yanahusu namna marafiki wachache wanavyoweza kuunda kielelezo cha meli Rubens, iliyozamishwa katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, tarehe 14 Aprili 1915. Yanahusu pia mambo yanayowapasa kuyaangalia ili kielelezo hicho kiwe ukumbusho wa haki, kisiwe pambo la mezani tu.

ASILI YA HABARI

Habari ya Rubens inaanzia Unguja. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja kwa matengenezo ya mashine. Pegasus ilizama, na baadhi ya mabaharia wake walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, ikiwa na upungufu mkubwa wa makaa, na manowari za Waingereza zikaifungia njia ya kutoka.

Wakati huohuo bara kulikuwa na vita vya nchi kavu. Baina ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 majeshi ya Kiingereza, yaliyokuwa na askari wengi kutoka Bara Hindi, yaliteremka Tanga na kushindwa na jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Ushindi huo uliwapatia Wajerumani bunduki na risasi zilizoachwa ufukweni, lakini bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na akiba ya silaha haikuweza kudumu.

Kwa sababu hizo Ujerumani iliamua kuleta meli ya mizigo kwa siri. Rubens asili yake ilikuwa meli ya Kiingereza, ikakamatwa Hamburg vita vilipoanza. Ilipewa jina la uongo, Kronborg, na bendera ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani. Mabaharia wake walichaguliwa miongoni mwa watu waliojua Kidenishi, na juu ya sitaha zilipangwa mbao ili ionekane kuwa ni meli ya biashara ya kawaida. Chini ya mbao hizo yalikuwamo makaa kwa ajili ya Königsberg, bunduki, risasi, makombora, nguo na mahitaji mengine ya jeshi. Nahodha alikuwa Carl Christiansen. Mwezi Februari 1915 meli iliondoka Ujerumani, ikapita kaskazini ya Uingereza, ikateremka Atlantiki na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Königsberg haikuweza kutoka Rufiji kuilaki, basi Rubens ikaagizwa kwenda Tanga. Waingereza walikwisha pata habari za safari hiyo. Asubuhi ya tarehe 14 Aprili manowari Hyacinth iliiona na kuifukuza. Mashine moja ya Hyacinth iliharibika katikati ya mbio, na Rubens ikapata nafasi ya kuingia Manza. Hapo nahodha alitoa amri ya kufunguliwa vilango vya maji, na mbao za juu ya sitaha zikawaka moto. Meli ikakaa chini katika maji machache. Waingereza walipoona moto mkubwa walidhani kwamba shehena yote imeteketea, wakaipiga mizinga, kisha wakaondoka.

Moto uliunguza sehemu ya juu tu. Shehena iliyokuwa ndani ya ngama ilifunikwa na maji, na maji hayo ndiyo yaliyoihifadhi. Kwa muda wa wiki kadhaa Wajerumani waliopoa bunduki, risasi na nguo. Risasi zilizoingia maji zilifunguliwa na baruti yake kukaushwa. Silaha hizo, pamoja na zile zilizoletwa na meli ya pili, Marie, katika ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916, zilisaidia kuendeleza vita hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku jeshi la von Lettow-Vorbeck liliposalimu amri huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia.

SAA IPI IONYESHWE?

Hili ndilo swali la kwanza linalowapasa wajenzi kulijadili kabla ya kushika msumeno. Kielelezo huonyesha saa moja tu. Wapenzi wengi wa vielelezo vya vita huchagua saa ya moto: moshi, makombora na manowari mlangoni mwa ghuba. Saa hiyo inavutia macho. Lakini kielelezo kinachoonyesha moto peke yake kitamfundisha mtoto wa shule kwamba jambo la Manza lilikuwa baina ya Mjerumani na Mwingereza, na kwamba liliisha siku ile ile.

Mapigano ya Manza yalichukua saa chache. Kazi ya kuopoa na kuchukua shehena ilichukua wiki nyingi, nayo ndiyo iliyobadili mwendo wa vita. Kazi hiyo haikufanywa na mabaharia peke yao. Kila sanduku lililotoka majini lilihitaji bega la mtu wa kulipeleka bara. Vitabu vimewataja nahodha na maamiri kwa majina. Wachukuzi wametajwa kwa jumla tu. Katika vita vile wachukuzi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha askari mwenye bunduki. Mchukuzi amebakia katika jina la Kariakoo, ambalo asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, na wengi hulitaja kila siku bila ya kujua.

Kwa hiyo inashauriwa ichaguliwe saa ya kuopoa. Meli ionekane imekaa chini, sitaha imeungua, mlingoti na bomba la moshi viko juu ya maji. Ubavuni ziwepo mashua, na ufukweni msururu wa watu wenye masanduku vichwani na mabegani, wakielekea kwenye miti. Mtazamaji ataona chombo na ataona watu, na atauliza walikuwa nani.

KIPIMO NA VIFAA

Kipimo kinachofaa ni cha moja kwa mia. Kila mita ya meli huwa sentimita moja ya kielelezo. Chombo cha mita mia huwa cha mita moja, na mtu wa urefu wa kawaida huwa milimita 17 hivi. Kipimo kikiwa kidogo zaidi ya hapo, wachukuzi watakuwa nukta tu, na maana ya kazi itapotea. Kipimo hicho kifuatwe kwa kila kitu, tangu omo hadi shetri, na kwa mashua, masanduku na miti pia. Kosa la kawaida ni kupima meli kwa uangalifu na kukisia watu.

Vifaa vingi hupatikana papa hapa. Mwili wa meli huchongwa kwa mbao laini iliyokauka vizuri, kwa kuwa mbao mbichi hupasuka baadaye. Waya mwembamba hufaa kwa kamba na ngazi, na mabati ya makopo kwa bomba na vilango. Mikandaa ya ghuba huweza kufanywa kwa mizizi midogo ya miti au mwani mkavu uliopakwa rangi. Mchanga uchekechwe mara mbili, maana chembe ya kawaida katika kipimo hicho huonekana kama jiwe.

Kazi igawanywe. Fundi wa mashua achonge mwili. Fundi wa mabati afanye mlingoti na bomba. Mwalimu wa historia akusanye habari. Mwenye mkono wa kuchora apake rangi. Penye wengi hapaharibiki neno, ilimradi mmoja wao awe na daftari la kuandika kila uamuzi na sababu yake.

Daftari hilo ni muhimu. Yako mambo ambayo yana ushahidi, kama tarehe, majina ya meli, mbao za sitaha na shehena ya silaha. Yako mengine ambayo wajenzi watayaweka kwa makadirio, kama idadi ya mashua na mavazi ya wachukuzi. Ubao wa maelezo uyatenganishe mambo hayo mawili waziwazi. Kielelezo kinachokiri makadirio yake huaminiwa zaidi ya kinachodai kujua yote.

FAIDA YA CHOMBO KIDOGO

Mtu anaweza kuuliza kazi ya namna hii ina faida gani mbele ya mahitaji mengine ya wananchi. Jawabu limo katika habari ya mtepe. Chombo hicho cha mbao zilizoshonwa kwa kamba kilitoweka katika bahari yetu katika karne ya 20. Lakini walikuwapo watu waliounda vielelezo vyake vidogo, na baadhi vikahifadhiwa katika makumbusho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe uliundwa upya ndani ya Beit el Ajaib, Unguja, na vielelezo vya zamani vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaongoza mafundi. Waliochonga vyombo vile vidogo hawakujua kwamba siku moja vitakuwa walimu.

Beit el Ajaib yenyewe inatoa funzo la pili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Kitu cha kumbukumbu hakihifadhiwi kwa kukiunda tu. Huhitaji paa zima, sanduku la kioo na mtu maalumu wa kukitunza. Wajenzi waafikiane mapema na shule, maktaba au makumbusho itakayokipokea, na makubaliano hayo yaandikwe.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Wananchi wanakumbushwa kwamba kielelezo kiundwe kwa vifaa vya kawaida. Asichukue mtu chuma, shaba wala kitu chochote kutoka katika masalia ya vita yaliyo baharini au ufukweni. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unavihesabu kuwa urithi vitu vya kale vilivyokaa chini ya maji kwa muda wa miaka 100 au zaidi, na tukio la Manza lilitimiza muda huo mwezi Aprili 2015. Zaidi ya hayo, risasi na makombora ya zamani yanaweza kuripuka. Atakayekiona kitu cha namna hiyo asikiguse, awazuie watoto, na atoe habari Polisi mara moja.

Wazee ambao waliwahi kusikia kwa wazazi wao habari za meli ya Manza, za uchukuzi au za njaa ya wakati wa vita, wanaombwa kuzieleza kwa vijana wao ili ziandikwe. Wenye picha za zamani wanaombwa wazionyeshe zinakiliwe, na kisha warejeshewe. Kwa upande wa visiwani habari zipelekwe kwa Sheha, na kwa upande wa bara kwa Mwenyekiti wa Kijiji, ili ziwafikie maafisa wa utamaduni. Hadithi ya mchukuzi mmoja mwenye jina lake na kijiji chake ina thamani katika kazi hii kuliko mlingoti uliochongwa kwa ustadi.

Ndani ya Ngome ya Mombasa mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg umewekwa pamoja, wakati meli zao zilipigana hadi moja ikazama. Maadui wa jana wamepatiwa mahali pa kukaa pamoja. Linalobaki ni kuwapatia mahali pao wale waliobeba mizigo ya pande zote mbili, na mbao chache, waya na gundi vinatosha kwa kuanzia.