Si Kupimwa Wazimu: Kumwandaa Mgonjwa kwa Tathmini ya Kisaikolojia Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za afya za parokia, Mwanga, Kigoma)



 Niliombwa niongee juu ya afya ya akili kwa ujumla, lakini nimeomba nibaki kwenye jambo moja, kwa sababu limeanza kufika mezani kwa kamati na linatutatiza.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu ana unene uliokithiri, ana kisukari au presha, magoti hayambebi tena. Daktari anamweleza kuwa upo upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Zamani tungesema hayo ni mambo ya Ulaya. Leo Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, inatoa huduma za kupunguza uzito, zikiwemo kuweka puto tumboni na upasuaji wenyewe. Ndugu wanaanza kuchangishana, wanaleta ombi kwa kamati. Kisha mgonjwa anaambiwa kwamba kabla ya kisu aonane na mwanasaikolojia. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Kwani mama ni kichaa?" "Wanataka kumpeleka Mirembe?" Wengine wanamfundisha la kujibu ili apite.

Naomba tulielewe hili vizuri, maana kumfundisha mgonjwa uongo kunaweza kumgharimu uhai wake.

Kwanza, niwatoe hofu kwamba hili ni tatizo la matajiri wa Dar es Salaam peke yao. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Utafiti wa 2015/16 ulikuta wamefika 28. Wanaofikia hatua ya upasuaji ni wachache sana miongoni mwao. Madaktari hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 105 mwenye urefu wa mita 1.6 anapata 41. Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika duniani, tangu mwaka 1991, kilikuwa 40 na zaidi, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kiwango hicho hadi 35, na 30 kwa wenye maradhi kama kisukari. Kwa hiyo tutegemee maombi yataongezeka.

Sasa, kwa nini mwanasaikolojia? Kwa sababu upasuaji hubadilisha tumbo kwa saa chache, lakini mtu anarudi nyumbani na mazoea yaleyale, huzuni zilezile na majirani walewale. Katika aina moja ya upasuaji, karibu robo tatu ya mfuko wa chakula huondolewa na haurudi tena. Wiki za kwanza ni vimiminika tu. Baadaye ni chakula kidogo kidogo, kutafunwa taratibu, maji yasinywewe pamoja na chakula, na vidonge vya vitamini na madini vya kila siku maisha yote. Tumchukulie mama muuza dagaa wa soko la Mwanga. Amezoea kula mara moja jioni, ugali wa muhogo wa kushiba na mgebuka wa mawese, kwa sababu mchana hakupata nafasi. Mgebuka utamfaa, tena sana, maana atahitaji protini. Lakini ule mlima wa ugali hautaingia. Na kule kukaa na njaa kutwa itabidi kuishe. Je, ameliwazia hilo? Nani atasimamia meza yake ya biashara anapokula mara tano kwa siku?

Yapo na mengine mazito zaidi. Kule Utah, Marekani, watafiti walilinganisha watu 7,925 waliopasuliwa na wengine idadi hiyohiyo wasiopasuliwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Vifo kwa ujumla vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa. Hiyo ni habari njema, na ndiyo maana sisemi upasuaji ni mbaya. Lakini vifo visivyotokana na maradhi, yaani ajali, kujiua na mengineyo ya namna hiyo, vilikuwa zaidi kwa waliopasuliwa, kwa asilimia 58. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, uliona kuwa matatizo ya pombe yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, hasa kwa wale ambao utumbo wao uliunganishwa upya. Pombe inaingia katika damu haraka kuliko mwanzo. Glasi ya pombe ya ndizi aliyoizoea si glasi ileile tena. Gongo tusiiseme kabisa.

Mnaona basi kwa nini mtaalamu anauliza habari za pombe. Hamtegi mtu.

Maswali yake hasa ni yapi? Atauliza uzito ulianza kupanda lini, na wakati huo maishani kulikuwa na nini: uzazi, msiba, ndoa kuvunjika, ukimbizi. Atauliza umejaribu njia zipi za kupungua. Atauliza kama unakula ukiwa na huzuni, kama unaamka usiku kula kwa siri, kama huwa unakula mpaka unashindwa kujizuia kisha unaona aibu. Atauliza juu ya sonona, dawa unazotumia, kama umewahi kupigwa au kudhulumiwa kimwili, kama umewahi kutaka kujiua. Kuulizwa hili la mwisho hakumtii mtu wazo hilo kichwani; mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitua. Mwishoni ataangalia kama mgonjwa ameuelewa upasuaji wenyewe na anautarajia umfanyie nini. Mwanamke anayetegemea kwamba akipungua mume aliyehamia kwa mwingine atarudi, anahitaji kuzungumza na mtu kabla ya kisu, siyo baada.

Kuna jambo la kwetu ambalo wataalamu wa mbali wanaweza wasilijue, kwa hiyo mgonjwa alitaje mwenyewe. Huku kwetu mwili mnene ulikuwa ishara ya kutunzwa vizuri na mume. Na wote tunakumbuka miaka ile ambapo mtu akikonda haraka, mtaa mzima ulimpima UKIMWI kwa macho. Mama atakayepungua kilo 30 ndani ya mwaka atayasikia maneno hayo sokoni na, samahani, hata nje ya kanisa. Kisha kwenye harusi atakataa sahani ya pili na ataonekana ana maringo. Ajiandae atawajibu nini. Na jumuiya yake ijiandae kunyamaza.

Maandalizi yenyewe si magumu. Kwa wiki mbili mgonjwa aandike kila anachokula na saa, na alikuwa akijisikiaje. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake au katekista anayemwamini. Aandike dawa zote, pamoja na za miti shamba. Hili nalisisitiza kwa wale wanaotumia dawa za magonjwa ya akili au kifafa, kwa sababu upasuaji unaweza kubadili jinsi dawa zinavyoingia mwilini, na wengine wataogopa kuzitaja. Asiache dawa ili aonekane mzima. Aende na mtu mmoja atakayeishi naye baadaye, afadhali yule anayepika. Kama Kiha ndicho anachojieleza nacho vizuri, aseme mapema apatiwe mkalimani, na asiwe mwanawe, maana kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe.

Na majibu? Wengi huruhusiwa kuendelea. Wengine huambiwa wasubiri, watibiwe sonona kwanza, au wakae miezi kadhaa bila pombe. Wachache hushauriwa wasifanyiwe. Kuambiwa usubiri si kufeli mtihani.

Hapa nageukia kamati zetu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200. Mgonjwa akiambiwa arudi baada ya miezi mitatu, na sisi tulichanga nauli ya safari moja, tumemsukuma aseme uongo ili asirudi bure. Kwa hiyo tunapopokea ombi, tupange safari zaidi ya moja, siku za kulala, na gharama za vitamini na vipimo vya damu vya miaka inayofuata. Nawaomba na wahisani wetu walitazame hili kwa jicho hilo. Ni rahisi kupata fedha za siku ya upasuaji, kwa sababu kuna picha ya kupiga. Mwaka wa tatu, mgonjwa anapohitaji vidonge vya madini ya chuma na mtu wa kuongea naye, hakuna picha.

Kamati isidai kuiona ripoti ya mwanasaikolojia. Barua ya hospitali inayosema mgonjwa anaendelea au anasubiri inatutosha. Mweka hazina hahitaji kujua zaidi, na ombi lisisomwe kwenye matangazo kwa jina wala ugonjwa.

Kwa sasa, kila kamati ichague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watakaokaa na mwombaji nyumbani kwake kabla hajasafiri na kupitia naye yale maswali. Nimewaandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kiha. Vipo mezani pale mlangoni. Karibuni maswali.