Bure na Huria Si Kitu Kimoja: Masomo ya Mtandaoni na Watoto Wetu Nyumbani

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Milton Keynes. Nimeombwa niyaweke hapa ili na ndugu zetu walioko nyumbani wayachangie. Salamu ndefu nimezipunguza.)



Mimi ni muuguzi, si mwanasiasa. Lakini kila tukikutana hapa tunazungumza katiba, uchaguzi na uraia pacha, halafu kikao kikiisha kila mmoja anafungua simu yake na kukuta ujumbe kutoka nyumbani: hela ya tuisheni. Leo naomba tuizungumze hiyo tuisheni, maana na yenyewe ni siasa.

Tanzania iliondoa ada katika sekondari za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema na tuliseme bila kinyongo. Ila kuondoa ada hakumleti mwalimu wa fizikia. Mwenye mtoto shule ya kata anajua ninachosema: darasa lipo, madawati yapo, kipindi kipo kwenye ratiba, mwalimu hayupo. Ndiyo maana bado tunatuma hela.

Na hapa ndipo watu huniambia, "Dada, siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti, bure." Ni kweli, vipo, na ni vizuri kuvijua kwa majina.

Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake hadharani, na leo pana kozi zaidi ya 2,500 ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mwaka 2004 Salman Khan alianza kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali. Kazi hiyo ikazaa Khan Academy, inayofundisha tangu kujumlisha mpaka kemia. Hapa hapa mjini kwetu, Open University ilianzisha OpenLearn mwaka 2006. Chuo cha Rice kina OpenStax, na kitabu chao cha Anatomy and Physiology cha mwaka 2013, zaidi ya kurasa 1,000, mwanafunzi wa uuguzi wa Mtwara anaweza kukipakua chote bila kulipa hata senti. Nyumbani nako hatujalala: Ubongo ya Dar es Salaam inawafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili tangu mwaka 2014, na Shule Direct ilianza mwaka 2013 kuwasaidia wanafunzi wa sekondari.

Basi kama vipo, mbona bado tunatuma hela ya tuisheni?

Mwaka 2013 watafiti wa University of Pennsylvania waliwauliza watu karibu 35,000 waliokuwa wakisoma kozi za chuo hicho kupitia Coursera. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa tayari wamemaliza elimu ya chuo. Yaani mlango ulifunguliwa kwa wote, wakaingia waliokwisha kula. Wala si kwa ubaya wa mtu. Ni kwamba kati ya mtoto wetu na somo la bure pamesimama vitu vitatu: bando, lugha na ruhusa.

Kwanza bando. Mpwa wangu wa kidato cha tatu ananiambia, "Ma'mdogo, bando linakata kabla mwalimu hajamaliza kujitambulisha." Video ni ya bure, njia ya kuifikia ni ya kulipia. Dawa yake ipo na si ya kubuni. Kuna programu inaitwa Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja tu mahali penye intaneti nzuri, kisha kompyuta ile unaipeleka shuleni. Simu na kompyuta nyingine za chumba kile zinaungana nayo kwa waifai ya ndani, bila bando hata moja. Kuna na Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima bila mtandao. Ile ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaingia kwenye memori kadi ya simu ya kawaida. Sisi tunaolipa intaneti ya mwezi mzima hapa, ambayo usiku tukiwa zamu inakaa bure, tushindwe kupakua?

Pili lugha. Mtoto wa Tanzania shule ya msingi ya serikali anajifunza usanisinuru. Anaelewa kabisa kwamba jani hutumia mwanga kutengeneza chakula. Akifika kidato cha kwanza anaambiwa photosynthesis, anaanza upya kukariri kitu alichokuwa anakijua. Sasa umpe na video ya Mmarekani anayeongea mbio! Hapa pana kazi ambayo hakuna anayeweza kuifanya kuliko sisi. Tumo humu wauguzi, wahasibu, mafundi umeme, walimu. Kiingereza tunakifanyia kazi kila siku na Kiswahili ndicho tulichonyonya. Mradi wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya uongozi wa Open University, umekwisha kuonyesha njia: mafunzo yake ya walimu yapo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. African Storybook nayo ina hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzibadilisha.

Neno hilo, kuruhusiwa, ndilo la tatu, na ndilo hasa lililonileta mbele yenu. Bure na huria si kitu kimoja. Bure ni kuchota maji kisimani kwa jirani. Siku akifunga geti, ndoo inarudi tupu. Huria ni pale jirani anapokupa ruhusa ya maandishi kuchota, kugawa, na hata kuchimba kisima kama chake uani kwako. Wengi mnakumbuka edX, iliyoanzishwa na MIT na Harvard mwaka 2012. Mwanzoni ilitoa hadi vyeti bure. Vyeti hivyo baadaye vikawa vya kulipia, na mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya biashara kwa dola milioni 800. Hawakuvunja sheria yoyote. Geti lilikuwa lao. Lakini kitabu cha OpenStax kilichokwisha kutolewa kwa leseni huria, nakala yako ni yako, hakuna wa kuja kukunyang'anya.

Sasa turudi kwetu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni visomwe, na hilo ni la kupongezwa. Ila fungua ukurasa wa mwanzo wa vitabu vyake: haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili, kurudufu wala kutafsiri bila idhini. Kitabu kimeandikwa kwa kodi ya mama muuza vitumbua, na mwalimu wa mtoto wake hana ruhusa ya kukirudufu! Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO, Tanzania ikiwemo, zilipitisha pendekezo la kuhimiza vifaa vya elimu huria, hasa vile vilivyogharamiwa na fedha za umma. Hili ni swali halali kabisa kumwuliza mbunge, waziri na balozi anapokuja kutusalimia: lini vitabu vya umma vitakuwa huria?

Najua kuna watakaosema dada huyu anataka kumbadilisha mwalimu kwa kompyuta. Hapana. Mimi kila miaka mitatu nahuisha usajili wangu wa uuguzi, na lazima nionyeshe saa 35 za kujifunza. Sheria yenyewe inataka saa 20 kati ya hizo ziwe za kujifunza pamoja na wenzangu, si mbele ya skrini peke yangu. Na siwezi kumkabidhi sindano mtu aliyejifunza kwa video tu. Mtoto anahitaji mtu wa kumwuliza na wa kumfuatilia. Masomo haya yanampunguzia mwalimu mmoja mwenye watoto themanini mzigo. Mzigo wote hayaubebi, na serikali isiyatumie kama kisingizio cha kutoajiri.

Mapendekezo yangu ni matatu. Moja, kila kundi la waliotoka wilaya moja lichague shule moja, lipeleke kompyuta moja yenye Kolibri, na limwombe mwalimu mmoja wa shule hiyo aisimamie na kulipwa posho kidogo kutokana na hela ileile ya tuisheni. Mbili, kila mwenye taaluma atoe saa mbili kwa mwezi kutafsiri somo moja lenye leseni huria, mwingine alikague, tuliache hadharani kwa leseni hiyo hiyo. Tatu, jumuiya iandike barua wizarani, Dodoma na Zanzibar, kuhusu vitabu vya umma, na majibu tuyaweke hapa kila mtu ayasome.

Katiba tutaendelea kuidai. Ila mtoto wa kidato cha tatu hawezi kusubiri katiba. Mtihani wake una tarehe.

Naomba kuwasilisha.