Mwalimu wa Mwaka Mmoja

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Magharibi, Morogoro)



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mwaka 621 Miladia Mtume (s.a.w.) alimtuma Mus'ab bin Umayr (r.a.) kwenda Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, awafundishe dini waliosilimu huko. Alifikia kwa mwenyeji wake, As'ad bin Zurara. Mwaka uliofuata wanaume 73 na wanawake 2 wa mji ule walikwenda Aqaba kumpa Mtume bai'a.

Nami nimemaliza mwaka mmoja wa kufundisha kwa kujitolea Matombo, nikitokea kwetu Mombasa. Kila nikijipima na Sahaba yule, naona haya.

Nilipanda milima ya Uluguru kwa njia ya Mkuyuni nikiwa na sanduku la vitabu vya Kiarabu, lugha niliyosomea elimu ya juu. Nilidhani upungufu wa watu ni matamshi. Miezi mitatu nikafundisha makharija ya herufi. Jioni moja bibi mmoja akaniuliza: "Maalim, Alhamdu naisoma tangu utoto. Hivi ndani yake namwomba nini Mungu?" Nikababaika. Maana niliijua, lakini sikuwahi kumweleza mtu kwa Kiswahili chepesi. Tangu usiku ule hatukusoma sura pasi na kueleza maana yake.

Kosa la pili: mpunga ulipoanza kukomaa, darasa lilibaki tupu, nikawakemea watoto kwa utoro. Mzee mmoja akaniambia kwa upole: "Mwanangu, ndege hawangoji chuo kifungwe." Kumbe watoto walikuwa mashambani wakifukuza ndege ili nyumba zao zipate chakula. Tukahamishia masomo baada ya Magharibi, na darasa likajaa.

Kosa la tatu ndilo zito. Hadi mwezi wa tisa sikuwa nimemwandaa yeyote wa kushika nafasi yangu. Vijana wengi wa kiume huteremkia Morogoro na Dar es Salaam kutafuta riziki. Lakini kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na akina mama wengi hubaki kwenye mashamba yao. Nikawatafuta wanafunzi wangu waliokuwa wameota mizizi pale, nikawapata akina mama wawili wenye bidii. Miezi mitatu ya mwisho niliwafundisha namna ya kufundisha. Leo chuo kiko mikononi mwao, nao hawajakamilisha hata nusu ya walichohitaji kwangu.

Aya ya 122 ya Surat At-Tawba yaelekeza kwamba kundi katika watu litoke likajifunze dini, kisha lirudi kuwaonya watu wake. Tazameni: wanaorudi ni wenyeji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msiniombe nirudi Matombo, wala msimtafute mgeni mwingine wa mwaka mmoja. Wagharimieni akina mama wale wawili waendelee kusoma, na vitabu wanunuliwe. Mgeni huondoka, mwenye shamba hubaki.

Wabillahi Tawfiq.