Kabla ya Kununua Gari la Kuishi Ndani

Msikilizaji wa Mbooni, unatafuta HiAce kuukuu uitie kitanda na jiko, uishi humo ukisafiri? Basi pima uzito kwanza.

Wengi huanza na mapazia. Hayo yangoje. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Ongeza gesi, betri, mbao za kitanda, na nyinyi wenyewe. Mzigo huo wote utateremka nawe milima yetu kutoka Kikima, kona baada ya kona. Ukikanyaga breki njia nzima, zinapata moto kupita kiasi. Utasikia harufu ya kuungua, kisha pedali inazama. Teremka kwa gia ndogo.

Narudia: pima uzito kwanza. Kabla ya kulipa, lijaribu gari mlimani likiwa limebeba mzigo. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Hakikisha mwenye gari ni nani kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen.

Na usiku, baridi ya Mbooni ikizidi, jifunike blanketi la pili. Tafadhali, usiingize jiko la makaa garini.